Shajara ya mradi: Colle, d4 na askari mpweke

Ijumaa usiku, kabla ya mchezo

Mradi unaendelea kama ulivyopangwa. Kila nikipata kete nyeupe kwenye mchezo mrefu wa sataranji, naanza na askari wa malkia, d4 (yaani safu ya d, mstari wa nne wa ubao), najenga mpangilio uleule, na baada ya mchezo naandika nilichokuwa nikiwaza kabla sijafungua programu ya uchambuzi. Kuandika kwanza ni sharti. Programu ikishasema neno lake, mtu husahau mara moja alichokuwa akikiona mwenyewe, na mimi nataka kukijua hicho hasa.

Mpangilio ni wa Colle. Edgard Colle alikuwa Mbelgiji, alizaliwa 1897 akafariki 1932, na katika maisha hayo mafupi aliwafundisha watu kwamba askari wa d4, e3 na c3 wanaweza kukaa kimya kama ukuta, kisha ukuta huohuo ukasogea mbele ghafla. Kete zinakwenda hivi: askari d4, farasi f3, askari e3, askofu d3, askari c3, farasi wa pili d2, mfalme anafichwa g1. Kisha unatafuta wakati wa kusukuma e4. Hayo ndiyo yote, na ndiyo maana wengi huuita ufunguzi wa waoga.

Sikubaliani nao. Wanaouona ni woga wanaangalia hatua saba za kwanza tu. Colle mwenyewe, alipocheza na O'Hanlon huko Nice mwaka 1930, alianza kwa hatua hizihizi za upole, na kufika hatua ya 12 askofu wake alikuwa amekwisha kujitoa kafara h7 na mfalme mweusi ametolewa nje ya nyumba yake. Utulivu wa mwanzo ulikuwa maandalizi ya hilo.

Swali langu la kesho ni moja: katika mchezo wa tahadhari, fikra izitumie wapi nguvu zake? Muda ni dakika 60 kwa kila mmoja, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Hatua za ufunguzi nazijua, kwa hiyo dakika zangu zote ni akiba. Nataka kuona zitakwenda wapi.

Jumamosi usiku, mchezo ukiwa bado wa moto kichwani

Naandika kwa karatasi ya mchezo tu. Programu sijaigusa.

Hatua saba za kwanza zilikwenda kama maji: d4 d5, farasi f3 farasi f6, e3 e6, askofu d3 c5, c3 farasi c6, farasi d2 askofu d6, wote wawili tukawaficha wafalme upande mfupi. Mpinzani alicheza hatua za kawaida kabisa, kete zake zimekaa mahali pazuri, hakuna la kumlaumu. Saa yangu ilikuwa karibu haijaguswa.

Hapo nikasimama. Hii ni hatua ya 8, na kwangu ndiyo hatua kubwa ya mchezo mzima, ingawa ukiitazama kwa juu haina kishindo. Kuna njia tatu. Ya kwanza, b3 na askofu wa pili b2, njia inayobeba jina la mchezaji wa zamani, Zukertort. Ni nzuri, lakini mradi huu ni wa c3, basi nikaiacha. Ya pili, kusukuma e4 papo hapo. Ya tatu, askari wa d4 amle wa c5 kwanza, ndipo e4 ifuate.

Mkono ulitaka e4. Nikajilazimisha kuifuata hadi mwisho: anakula d4, ninakula kwa askari wa c, anakula e4, farasi wangu anakula. Vumbi likitulia, nani ana askari mpweke? Ni mimi. Askari wangu wa d4 amesimama peke yake, hana jirani kwenye safu ya c wala ya e wa kumlinda, na kete zake zitamzunguka polepole. Wapo wanaoipenda hali hiyo kwa sababu kete zao hupata uhuru wa kushambulia. Mimi nikajiuliza: kwa nini nimbebe mimi, kama naweza kumfanya yeye ambebe?

Nikakula c5. Askofu wake akala. Ndipo nikasukuma e4. Sasa kama askari wa katikati watabadilishana, upande wangu wa d ni mtupu, hakuna wa kubaki mpweke. Upande wake d5 ndipo penye hatari. Tahadhari ninayoitafuta katika mradi huu ni ya namna hii: uamuzi mdogo wa mpangilio wa kulana, unaoamua ni nani atakayelinda mzigo kwa saa mbili zijazo.

Alijibu kwa malkia c7, kuizuia e5. Nikaleta malkia e2, askofu wake akarudi d6, ngome yangu e1, farasi wake akaruka g4. Hapa kidogo nilikunja uso, kwa sababu malkia, askofu na farasi wote walikuwa wanautazama mraba wa h2. Lakini farasi wangu wa f3 alikuwa anaulinda, nami nikasogeza h3 kumwuliza farasi wake anakwenda wapi. Akaenda e5. Nikamla, akala kwa farasi mwingine. Nikala d5, akala kwa askari wa e. Nikaleta farasi f3, akamla kwa cheki (yaani akimshambulia mfalme wangu), malkia wangu akala.

Ubao ukawa mweupe kiasi. Mfalme wangu g1, malkia f3, ngome a1 na e1, maaskofu c1 na d3, askari a2, b2, c3, f2, g2, h3. Yeye: mfalme g8, malkia c7, ngome a8 na f8, maaskofu c8 na d6, askari a7, b7, d5, f7, g7, h7. Hesabu ni sawa kwa sawa. Lakini mwangalie yule wa d5. Yuko peke yake, na malkia wangu tayari anamtazama.

Akamlinda kwa askofu e6. Nikaleta askofu e3. Naye akaleta ngome d8, ile iliyokuwa a8.

Na hapa ndipo mchezo wa tahadhari unapompima mtu. Ngome ilipoondoka a8, askari wa a7 alibaki bila mlinzi, na askofu wangu wa e3 anamwona moja kwa moja kwenye mshazari. Ni askari wa bure. Moyo ulidunda. Nikaikalia mikono, tabia niliyojifunza kwa sababu kanuni iko wazi: kete uliyoigusa lazima uisogeze.

Nikahesabu. Askofu anakula a7. Yeye anasogeza b6. Mara malkia wake wa c7 anamwona askofu wangu kwenye mstari wa saba, na askofu hana njia ya kutoka, mlango umefungwa na askari wa b6. Naweza kula b6 kwa kukata tamaa, malkia anakula, na nimetoa askofu kwa askari wawili. Haitoshi. Mtego wa zamani, na bado unanasa watu wakubwa: Reykjavik mwaka 1972, katika mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa wa dunia, Bobby Fischer alimpeleka askofu wake kula askari wa h2, Spassky akasogeza g3, na askofu akafungiwa humohumo. Fischer alishindwa mchezo ule.

Basi nikauacha a7, nikamsogeza askofu d4 tu. Mbele kabisa ya askari mpweke. Sasa hawezi kusogea hata mraba mmoja, na askofu wangu anatazama g7.

Hatua hiyo ilikuwa na jambo lingine ndani yake, na nakiri kwa furaha kwamba dakika nyingi ziliishia hapo. Maaskofu wangu wawili, d3 na d4, wanaelekea upande wa mfalme wake bega kwa bega. Picha hiyo kila mpenda sataranji anaijua: Lasker dhidi ya Bauer, Amsterdam 1889, maaskofu wawili wanatolewa kafara mmoja baada ya mwingine, h7 kisha g7, na mfalme hana nguo tena. Nikajiuliza kama kwa hatua inayofuata ningeweza. Askofu anakula h7 kwa cheki, mfalme anakula, malkia h5 cheki, mfalme g8, askofu wa pili anakula g7. Mfalme akila, malkia g5 cheki, na ngome yake ikiwa bado f8 mfalme hana pa kupumulia zaidi ya h7 na h8. Lakini Lasker alikuwa na ngome ya kuileta upande ule. Yangu inapitia wapi? Ikitoka e3 kwenda g3, askofu wake wa d6 anaila. Ikipanda e4, askari wa d5 anaila. Ikipanda e5, askofu tena. Na h3 pamekaliwa na askari wangu mwenyewe. Kwa hiyo akikubali kafara zote mbili, nina cheki za kujirudia na sare mkononi, hakuna zaidi.

Haya yote niliyahesabu kabla hajajibu. Yeye akacheza ngome ya f8 kwenda e8. Hatua kimya, na nzuri sana. Nikaihesabu kafara upya, na sasa f8 iko wazi: malkia g5 cheki, mfalme f8, malkia h6 cheki, mfalme e7, malkia g5 cheki, na hapa kuna raha ndogo, kwa sababu akiziba kwa askari f6, malkia wangu anaingia g7 na mchezo umekwisha. Askofu wake wa e6 hawezi kuziba f7, amefungwa na ngome yangu ya e1 mbele ya mfalme wake, na miraba mingine yote imejaa kete zake mwenyewe au iko chini ya malkia. Lakini si lazima azibe. Anakwenda d7, na mimi nimebaki na malkia mkali na maaskofu wawili waliokwisha kutoka ubaoni.

Nikaiweka ndoto ile kando bila majuto. Ngome moja imesogea mraba mmoja, na mpango uliokuwa na angalau sare ndani yake umegeuka kuwa wa kupoteza. Jambo hili nataka nilikumbuke.

Kilichofuata ni kazi. Askofu c2, ili malkia aje d3 mbele yake na wote wawili waikazie macho h7. Akacheza a6. Malkia d3. Akalazimika g6, kwani h6 haizibi kitu: malkia angeingia h7 kwa cheki, kisha h8, kisha kumla g7. Nikarudisha malkia d2, na tishio jipya ni h6 kisha g7. Askofu wake akaja f4 kumzuia. Nikaleta askofu e3, akala, nikala kwa ngome.

Hapo mpinzani akainua kichwa. "Sare?"

Nikatazama ubao. Askofu wake wa e6 amefungwa kwa kazi ya kumlinda d5. Miraba myeusi kumzunguka mfalme wake ni mitupu tangu g6. Mimi sina cha kulinda.

"Asante. Tuendelee kidogo."

Alilinda kwa ustadi. Mwishowe d5 akaanguka, lakini kwa bei ya kubadilishana malkia, maaskofu na askari wengi wa upande ule. Nikabaki na ngome moja na askari mmoja wa ziada, wa safu ya b, naye akaiwahisha ngome yake nyuma ya askari huyo. Tarrasch, mwalimu wa zamani wa sataranji, alifundisha kwamba ngome mahali pake ni nyuma ya askari aliyepita (asiye na askari wa adui wa kumzuia njiani), awe wako au wa adui, na mwenzangu alilifuata somo hilo barabara. Kila nilipomsogeza askari, ngome yake ilizidi kupata nafasi na yangu ilizidi kubanwa. Sare, tukapeana mikono, tukakaa muda mrefu tukirudisha kete na kuonyeshana tulichokuwa tunakiona. Alisema b6 alikuwa ameiandaa tangu mapema. Nilimwamini.

Jumapili

Nimeweka mchezo kwenye ubao tena, bila saa, kabla ya programu.

Jambo moja sikuliandika jana. Baada ya askofu wangu kufika d4, hatua ambayo wengi wangeicheza na weusi ni askofu e5, kubadilisha wale wa miraba myeusi na kumwondoa mzuizi. Haiwezekani. Nikimla e5, malkia wake akijibu kwa kula, ngome yangu ya e1 inamla malkia. Kwa hiyo askofu angekuwa amepotea bure. Ngome ile niliiweka e1 kwenye hatua ya 11 kwa sababu tu ndipo mpangilio unapoitaka, na kwenye hatua ya 18 ilikuwa inamnyima mpinzani mpango wake bora bila mimi kuhesabu chochote. Hii ndiyo hoja yangu kwa wanaosema Colle haina makali. Kete zikikaa mahali pake mapema, zinakufanyia kazi ambayo hukuziagiza.

Kisha programu. Kwenye hatua ya 8 haikuona tofauti kubwa kati ya njia zangu, na sishangai, maana yenyewe haichoki kumlinda askari mpweke. Binadamu anachoka. Mpinzani wangu alitumia muda mwingi wa saa yake baada ya hatua ya 16 kumlinda d5, na mimi nilikuwa naiona saa ile ikishuka. Tathmini ya programu haina safu ya uchovu, na kwa sisi wa ridhaa safu hiyo ina uzito.

Nimegawanya pia muda wangu kwa kuangalia saa nilizoandika pembeni ya karatasi. Sehemu kubwa ya fikra ilikwenda mahali pawili: hatua ya 8, na ile picha ya maaskofu wawili kabla na baada ya ngome e8. Mtego wa a7 ulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nadhani mgawanyo huu ni sahihi. Ufunguzi ninaoujua ulinipa akiba, na akiba ikaenda kwenye maswali yaliyostahili.

Nimeongeza maswali mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, ya kujiuliza kabla ya kila kulana katikati: baada ya kulana huku, askari mpweke ni wa nani? Na je, mfalme wake ana mlango mpya tangu hatua iliyopita?

Jumanne jioni

Leo kazi ilikuwa ya mwisho wa mchezo. Nimeiweka ile hali ya ngome kwa ngome na askari wa b wa ziada, nikacheza pande zote mbili. Upande wa ulinzi ni rahisi kuliko nilivyofikiri ngome ikiwa nyuma ya askari. Upande wa kushambulia, tumaini lililopo ni kumtembeza mfalme hadi kwa askari, na hilo linamaanisha kuwaacha wale wa upande wa mfalme bila mlinzi. Nilijaribu kumpeleka kupitia e3 na d4, kisha c5. Mara nyingine ngome nyeusi ilimwacha askari wa b na kwenda kula f2, na mbio zikaanza. Bado nazihesabu mbio hizo. Naziandika kwa penseli.

Kuna swali jingine kuhusu hatua ya 23. Badala ya kukimbilia kumla d5, ningeweza kumwacha aishi, nikaweka malkia d4 na ngome zote safu ya e, nikaifanyia kazi miraba myeusi ya f6 na h6. Askari mpweke akiliwa, anaacha kuwa mzigo, na askofu wa e6 anaachiliwa huru. Huenda wa d5 alikuwa na faida kwangu zaidi akiwa hai. Nimemwandikia mwenzangu kumwuliza kama yuko tayari tucheze kuanzia hapo, hatua ya 23, mara ya kwanza mimi na weupe, kisha tubadilishane.

Amejibu kwamba yuko tayari, ila ana sharti: aruhusiwe kujibu Colle kwa g6 na askofu g7 katika mchezo wetu unaofuata. Ni sharti zuri. Mpangilio ule unamfungia askofu wangu wa d3 mlango wa h7 kabisa, na c3 na e3 zinabaki zikitazama ukuta. Wiki hii natafuta la kufanya hapo. Wazo la kwanza ni kutompeleka askofu d3 mapema, bali e2, na kusukuma c4 badala ya c3 pale anapoonyesha g6. Hiyo si Colle tena, lakini mwanzo wake ni uleule, d4 na farasi f3, na naweza kuamua kwenye hatua ya 3 baada ya kuona mkono wake.